Tumbo la Ridhiwani

Jumatano asubuhi, nyumbani kwao Ikwiriri, Sihaba alikuwa akimkanda mumewe Ridhiwani tumbo kwa kitambaa cha maji ya moto, ngozi ikatakata mkononi mwake hadi ndani kukaonekana, kama chemni ya kandili iliyosuguliwa kwa majivu. Alipomaliza upande wa kushoto, figo ilikuwa ikionekana. Akakamua kitambaa, akaendelea na upande wa kulia.

Ridhiwani aliugua tangu mavuno. Alianza kwa kukojoa damu, akanyamaza, maana wanaume wa huko hulihesabu jambo hilo kuwa la ujana. Kisha ukavimba uso, ikavimba na miguu. Mama yake, Bi Mwanajuma, hakuwa na shaka na chanzo. Msimu mzima mwanawe alilala bondeni kwenye dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu cha kulindia mpunga, na huko aliyempikia ni mmoja tu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mbele ya mkaza mwanawe, huku akichambua mchele, wala hakuinua uso. Ijumaa baada ya sala ukoo ungekaa. Ukimwona Sihaba ana hatia, angerudishwa kwao Mohoro, na binti yake Hafsa, wa miaka minne, angebaki kwa baba.

Kwa hiyo tumbo lilipotakata, Sihaba alifurahi, na ni yeye peke yake aliyefurahi. Sasa watu wangeona kwa macho yao. Mama mkwe alikuja, akachungulia, akamwambia ashushe pazia, maana matumbo ya mtu si ya kutazamwa na wapita njia.

Habari zilifika hospitali. Ijumaa daktari mmoja, Mwajabu, akaja na wanafunzi wake wa udaktari, wakaukuta ukoo umeshakaa. Waliwaamkia wakubwa, wakavua viatu, wakapiga magoti kuuzunguka mkeka wa mgonjwa.

Daktari alieleza kwa upole, akionyesha kwa kalamu. Ni kichocho. Mdudu huingia kwenye ngozi ya mtu anayeoga maji yenye konokono, akasafiri na damu hadi kwenye mishipa ya kibofu, akataga mayai yenye mwiba. Mayai yalikuwa yamenasa kwenye ukuta wa kibofu, yakionekana wazi kama chenga za mchele. Mwili ukapeleka askari wake kuyazingira, na kila yai likajengewa kovu.

"Tazameni vizuri," aliwaambia wanafunzi. "Mdudu hajaziba chochote. Aliyeziba ni mwili wenyewe, ukijilinda."

Makovu yameibana mirija itokayo kwenye figo, mkojo ukakosa pa kupita, ukarudi juu. Mfereji wa shamba ukizibwa chini, majaruba ya juu huzama. Figo zimejaa maji, zimeshindwa kuchuja. Uchafu umebaki kwenye damu, na maji yamekwenda kukaa usoni na miguuni. Mwanafunzi aitwaye Yasmin aliuliza kama makovu huondoka. Daktari akasema dawa humuua mdudu, kovu hubaki, na mgonjwa huyu anahitaji kuwekewa mpira wa kutoa mkojo, tena upesi.

Saadi, mdogo wake Ridhiwani, aliuliza maji yenyewe ni yapi. Daktari akasema ni yale ya madimbwi ambayo mto huyaacha ukirudi, kama lile lililo karibu na dungu lao. Saadi akamtazama mama yake.

"Sihaba alimkataza mwanangu kuoga dimbwi lile," alisema Bi Mwanajuma. "Kila siku akimkataza. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Alimkataza vyema, mama," alisema daktari.

"Alijuaje?"

Sihaba alijibu mwenyewe. "Niliambiwa kliniki, mama, nilipokuwa na mimba ya Hafsa."

"Kliniki tumekwenda wengi. Mbona sisi hatukuambiwa?"

Inauma kulisema, lakini hapo shauri lilikwisha. Kama mdudu yumo dimbwini, basi yupo aliyemtia, na anayejua pa kukataza ndiye anayejua alichokiweka. Saadi alimshukuru daktari kwa kuwathibitishia. Daktari akaanza upya, toka kwa konokono, na alisikilizwa kwa adabu mpaka mwisho. Kisha wakamkaribisha chai.

Ridhiwani aliyasikia yote. Ngozi ilikuwa imetakata hadi kifuani, na Sihaba alipokuwa akifunga furushi la kanga zake wote waliuona moyo wa mumewe ukienda mbio. Mwanafunzi mmoja aliuliza sababu. Daktari akasema figo zikishindwa shinikizo la damu hupanda, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu. Wakaandika. Ridhiwani alifungua mdomo, akaomba maji.

Sihaba aliondoka kwa basi la alasiri. Kesho yake mgonjwa alipelekwa hospitali kuwekewa mpira, akiwa amefunikwa shuka ili watu wa barabarani wasimtazame ndani. Bi Mwanajuma alifuatana naye.

Mtoto hakuwa na wa kukaa naye nyumbani, hivyo Saadi alimchukua akateremka naye bondeni kupanda kunde. Jioni, kazi ilipokwisha, yeye na nduguze walioga dimbwini bila hofu, kwa kuwa aliyelichafua alikwishaondoka. Hafsa naye aliingia, akachezea maji hadi vidole vikakunjamana, na hakuwapo wa kumkataza.