Kisanduku Kinachojijaza Chenyewe

Kompyuta ya mradi kule Korogwe ilisema lambo la Kwemkambala limekamilika asilimia mia moja. Halikuwa limekamilika. Robo nzima ya tuta, tena ile robo ya katikati ya bonde ambako maji yangekuja kuegemea, ilikuwa bado udongo uliomwagwa tu, ukiukanyaga unazama hadi kifundoni. Lakini kompyuta ilikuwa imekwisha kusema. Jumatatu moja ya Septemba, mwaka tisini na saba, rola la kushindilia udongo likapakiwa kwenye lori na kupelekwa Mazinde, kwenye lambo jingine.

Zaidi, msimamizi wa wachimbaji, alilitazama likiondoka mpaka vumbi likatulia. Kesho yake akapanda basi hadi Handeni mjini, akaunganisha hadi Korogwe, akaingia ofisi ya mradi na kofia yake mkononi.

Ofisini alimkuta Ikram, binti aliyesomea kompyuta Tanga.

"Shikamoo, mzee Zaidi."

"Marahaba. Mwanangu, lambo langu halijaisha, na wewe umeandika limeisha."

"Mimi? Mimi sijaandika kitu. Hebu sogea uone."

Akamwonyesha kioo. Kila kazi ilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na visanduku.

"Hapa naandika mimi. Siku za watu, kama zilivyo kwenye fomu zako za kila wiki. Ila hiki cha asilimia siandiki. Kimewekewa hesabu yake ndani. Kinachukua siku ulizoleta, kinagawa kwa siku za mpango, kinazidisha mara mia. Mpango ulikuwa watu arobaini kwa siku sitini, yaani siku elfu mbili na mia nne. Na wewe umeleta elfu mbili na mia nne. Kikajijaza chenyewe."

"Basi futa. Andika sabini na tano."

Ikram akabonyeza. Kompyuta ikalia kama kifaranga, ile mia ikabaki palepale.

"Umeona? Hakiandikiki. Ukitaka kibadilike, zibadilike siku."

"Lakini mita niliandika! Kila fomu, chini kabisa, kwenye maoni. Tuta limefika wapi, limebaki wapi."

"Na mimi maoni yako nimeyaingiza yote, mzee. Yamo humu. Ila hesabu haisomi maoni."

Zaidi alijua tatizo lilipo, na lilikuwa lake mwenyewe.

Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye shamba la mkonge la Mazinde, tangu alipoacha shule darasa la nne, mpaka shamba lilipouzwa na wao wakapunguzwa. Huko alikuwa nyapara. Kila mkata mkonge alikuwa na kipande chake, kadi yenye visanduku thelathini, na nyapara ndiye aliyetia alama kwa kila siku ya kazi. Mtu akifiwa na mtoto, nyapara mwenye utu alimtilia alama akiwa matangani. Hakuna aliyeumia, maana mkonge wenyewe ulihesabiwa kwa mizigo. Siku zilikuwa za watu, mizigo ilikuwa ya shamba.

Kwenye lambo alifanya vilevile. Tangu Juni kijiji kilikuwa kimezika watu watano, na Kwemkambala mtu akizikwa majembe yanalazwa siku tatu. Huendi kuchimba udongo mwingine wakati ule wa kaburini bado ni mbichi. Siku tatu mara tano ni siku kumi na tano. Zote Zaidi aliwatilia watu alama kwamba walikuja, kwa sababu siku moja ya kazi ilikuwa kilo mbili za mahindi ya mradi, na mwaka ule mashamba yalikuwa yamekauka. Alidhani siku ni za mahindi na mita ni za kazi. Hakuna aliyemwambia kwamba kompyuta imezifanya kitu kimoja.

Nelson, mratibu wa mradi, alitoka chumba cha pili akicheka.

"Mzee Zaidi! Asilimia mia! Wenzako wa Mazinde wako thelathini. Nawaambia wakuige."

"Wasiniige," Zaidi akasema, akamweleza yote.

Nelson hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiti akaketi.

"Nikizitoa siku hizo, asilimia itashuka na ratiba itajipanga upya. Rola litarudi wiki ijayo. Lakini siku mia sita zikitoka, mahindi yake yanatoka nayo. Magunia kumi na mawili. Nitayakata kwenye mgao wa mwisho."

"Mgao wa mwisho ni magunia mangapi?"

"Kumi na manne."

"Yanabaki mawili. Kwa nyumba arobaini."

"Sikuzitia mimi alama, mzee wangu."

Zaidi akaomba muda akaongee na watu.

Walikutana juu ya tuta lenyewe. Alipomaliza kueleza, aliyesimama kwanza ni Zamda, aliyekuwa amemzika mumewe mwezi Julai.

"Kwa hiyo wanazitaka siku nilizomzika mume wangu? Waje wamfukue basi, tuanze upya!"

Watu wakacheka, kile kicheko cha kukosa la kufanya.

"Na hayo mahindi tulishayala," mzee mmoja akasema. "Watayatoa wapi, matumboni?"

Mepukori alikuwa amesimama pembeni, rubega yake begani. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya bonde, na kiangazi kile mkewe Naisimoi alikuwa akifuata maji mwendo wa nusu siku na punda wawili. Lambo lile alilihitaji kuliko mtu yeyote pale.

"Rola ni nini?" akauliza. "Si kitu kizito kinachokanyaga? Mimi nina vizito vingi, na kila kimoja kina miguu minne."

"Ng'ombe wako wamekonda hivi, watakanyaga nini!" Zamda akamtania.

"Wewe Mzigua leta udongo. Kukanyaga tuachie sisi."

Ndivyo walivyoamua. Kwa siku tisa waliinua ile robo iliyobaki kwa majembe na karai, kisha Mepukori na vijana wake wakawaswaga ng'ombe juu ya tuta, kwenda na kurudi, tangu asubuhi hadi alasiri. Vumbi, miluzi, matani. Zamda akasema Mmasai ameajiriwa na mradi na mshahara wake ni kinyesi. Zaidi alikuwa hajaona kazi yenye furaha kama ile tangu aondoke Mazinde.

Siku ya kumi alikwenda peke yake na mtaimbo. Aliuchoma juu ya tuta. Shubiri ya kwanza ikakataa, ngumu kama sakafu. Akauinua, akaupiga kwa nguvu. Chini ya shubiri ile mtaimbo ukazama wenyewe kama umechomwa kwenye ugali. Rola hushindilia tabaka kwa tabaka, udongo ukimwagwa linapita. Ng'ombe walikuwa wamekanyaga juu tu. Zaidi aliuchomoa mtaimbo, akalifukia tundu kwa kisigino.

Akatuma salamu Korogwe: siku zibaki kama zilivyo. Magunia kumi na manne yakaja.

Mvua zilipoanza mwishoni mwa Oktoba, Mepukori akalihamisha boma lake chini ya tuta, majani yalikokuwa yameanza kuota. Kabla ya kukata miti ya ua, alimfuata Zaidi nyumbani.

"Zaidi, rafiki yangu, wewe ndiye unayelijua. Tuta ni zima?"

Zaidi alimwangalia. Ndani, mgao wake wa mahindi ulikuwa umeegemea ukuta.

"Ni zima," akasema.

Mvua za mwaka ule kila mtu anazikumbuka. Wiki mbili lambo lilijaa, watoto wakaogelea, Naisimoi akachota maji hatua chache tu kutoka mlangoni kwake. Mepukori alimletea Zaidi maziwa mara mbili.

Jumanne moja ya Novemba, saa nne asubuhi, Zaidi alipita tutani akaona maji yakitoka chini, katikati ya bonde, wembamba wa kidole, rangi ya chai. Alikimbia kuelekea bomani akipiga kelele. Mepukori alikuwa mnadani Handeni. Naisimoi alitoka na watoto, akawasukuma mlimani, kisha akageuka, kwa sababu Nemayian, binti yake wa mwisho, alikuwa zizini akifungua ndama. Kile kidole kikawa mkono, kikawa mlango, kisha katikati yote ya tuta ikaondoka.

Wiki iliyofuata Zaidi alikwenda Korogwe, akamwambia Ikram azitoe zile siku mia sita.

"Sasa za nini, mzee?"

"Zitoe."

Akazitoa. Kabla hajainua kidole, kisanduku kikaandika sabini na tano.

Kisha Ikram akachukua fomu ya hasara, Zaidi akamtajia, naye akaandika. Mahindi ambayo hayakukatwa ni magunia kumi na mawili, kilo thelathini kwa kila nyumba. Yalikuwa yamekwisha kuliwa. Siku za kazi zilizokwenda na maji, zile za kweli, elfu moja na mia nane. Mashamba ekari kumi na moja. Mbuzi arobaini na wawili. Ndama kumi na tisa. Watu wawili: Naisimoi, miaka thelathini na mmoja, na Nemayian, miaka sita.