Aliyemwita Talal Fes

Kaka yangu Talal ana miaka arubaini na moja, ni mhandisi, ana nyumba yake Al Khoudh hapa Maskati, na bado akisafiri humpigia Mama simu ya video kila siku ili agombezwe. Sijui hali hiyo niiteje. Ningekuwa mimi ndiye niliyekwenda Fes, Moroko, simu ningeizima nikanywa chai yangu kwa raha.

Mama yetu, Bi Balqis, hajui kubembeleza. Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati akiwa msichana, akatulea peke yake baada ya Baba kufariki, na katika kutulea huko sikumbuki kusikia neno "mwanangu" likimtoka. Anatupenda, hilo sina shaka nalo, ukila pilau yake utajua. Lakini mdomo wake ni wa kukosoa. Talal alipomletea shahada yake ya chuo kikuu, Mama aliitazama, akasema fremu imekaa upande. Mimi nilijifanya nimezoea. Talal hakuweza hata kujifanya.

Ijumaa hiyo, baada ya Alasiri, Mama alikuwa kwangu Al Ansab. Tumekaa sebuleni, yeye na tasbihi yake, mimi na halua yangu, na Nabirye, binti wa Kiganda anayenisaidia kazi za nyumba, yuko jikoni anatengeneza kahawa. Talal akapiga. Huko Moroko ilikuwa bado mchana, watu wametoka kusali si muda.

"Kheiria, nnakwambia, mji huu si mchezo!" alisema, na akageuza simu tuone.

Teksi ilimshusha kwenye lango la Bab Bujlud, maana gari haziingii ndani ya mji mkongwe. Humo ni miguu na punda. Alikuwa ateremke njia kuu mpaka msikiti wa Qarawiyyin, na mwenyeji mmoja alimshauri kwamba akipotea apande tu, njia za kupanda zitamrudisha langoni. Asichoambiwa ni kwamba Ijumaa mchana maduka hufungwa. Tuliona milango ya mbao iliyokomewa kulia na kushoto, kuta ndefu, na njia iliyokuwa inazidi kuwa nyembamba hata mabega yake yakawa yanakwaruza chokaa. Hapakuwa na mtu. Hata paka hatukumwona, na mji ule anasema una paka wengi kuliko watu.

"Ramani inasema nipo juu ya paa la mtu," alisema akicheka.

"Anacheka nini juha huyo?" Mama akauliza. "Kavuka bara zima kwenda kutazama kuta. Hapa Matrah kuta hakuna?"

"Panda, Talal, si umeambiwa upande?" nikamwambia.

"Nnapanda toka saa ile, Kheiria. Nnapanda, kisha nnajikuta chini tena. Mlango huu wa buluu nishaupita." Kicheko kilikuwa kimemwisha.

Hapo ndipo alipoitwa.

"Talal."

Niligeuka kumtazama Mama, kwa kuwa sauti ilikuwa yake. Mama alikuwa amefumba mdomo. Vidole vyake vilisimama juu ya tasbihi.

"Talal, mwanangu," sauti ilisema tena kutoka kwenye simu. "Umechoka. Njoo, mwanangu, njoo upumzike."

Nabirye alitokea mlangoni na dele la kahawa mkononi. "Mama," alisema, "ni nani huyo anaongea kama wewe?"

Kilichonitisha zaidi si sauti, ni uso wa kaka yangu kwenye kioo cha simu. Ulilainika, mfano wa mtoto anayeamshwa kwa upole.

Sisi tumelelewa kwa mambo mawili. Mama akikuita, unaitikia hapo hapo, mwanamume "labeka", mwanamke "abee", na ole wako uitwe mara ya pili. Na ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza, maana si kila anayejua jina lako ni binadamu. La kufanya pindi mambo hayo mawili yakigongana, hatukufundishwa.

Mama alininyang'anya simu. "We Talal! Usiitikie! Mimi nipo hapa Maskati, zuzu we! Ondoka hapo!"

Talal alitazama simu, kisha akatazama pembeni. Mlango wa buluu ulikuwa wazi kidogo, na ndani yake giza tupu.

"Mama? Mbona nnakusikia huku?"

"Siye mimi huyo! Geuza miguu yako, mpumbavu, nenda!"

"Anasema nimechoka." Akauegemea ukuta. "Na kweli nimechoka, Mama."

Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Mama akaisogeza simu karibu na mdomo. Nimemjua mwanamke huyu maisha yangu yote, nimemwona akimzika mumewe bila kuinamisha kichwa, na sasa alikuwa anatafuta maneno ambayo hakuwahi kuyatumia. Yalimtoka kwa shida, yamekauka.

"Talal. Mwanangu. Kipenzi changu, rudi kwangu. Mimi nnakupenda, baba. Siku zote nnakupenda."

Nililia pale pale, siogopi kusema.

Talal alisimama. Nilidhani tumempata. Kisha nikaona anaisogeza simu mbali na uso wake, polepole, macho yamemtoka.

"Audhubillahi," alisema. Alikuwa anajikinga na sisi.

Na kule mlangoni, sauti ikabadilika.

"We Talal! Juha we! Umesimama juani kama mwizi, na viatu vichafu hivyo! Ingia ndani, chakula kinapoa!"

Ilikuwa Mama mtupu. Hata ile pumzi anayoivuta kabla ya kukutukana ilikuwapo. Mama mwenyewe alishika kifua chake.

Uso wa Talal ukachanua. Alicheka kwa faraja, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Labeka, Mama," aliitika, akaingia. Picha iligeuka, ikaonyesha kipande chembamba cha mbingu baina ya kuta, kisha simu ikakatika.

Tulipiga hatukupata. Tulipiga hotelini, wakasema hajarudi. Baada ya Isha simu yangu ikalia, yeye, bila ya picha.

"Kheiria, mimi nnakaa huku kidogo," alisema. Sauti yake ilikuwa imepumzika, sijawahi kuisikia hivyo. "Nimekula, nimelala. Mama kanigombeza mpaka basi."

"Talal, wallahi Mama yuko hapa. Yuko chumbani analia."

Aliteremsha sauti, na upole wake ulikuwa wa kaka anayemwonea dadake huruma.

"Huyo siye, Kheiria. Umemsikia mwenyewe alivyosema. Mama yetu hasemi vile. Ondoka kwenye nyumba hiyo."

Hajapiga tena. Polisi wa kule wametafuta, na mtaa wenye mlango wa buluu hawajauona, au wameiona milango ya buluu mingi na nyuma ya kila mmoja kuna watu wa kawaida wanaopika. Begi lake limerudi peke yake, na Nabirye amezifua nguo zote akazipanga.

Mama amehamia kwangu moja kwa moja, na amebadilika. Hagombezi mtu. Chumvi ikizidi anasema chakula kitamu, nikichelewa anasema pole. Anaamini ulimi wake ndio uliompotezea mwanawe, na hataki umpotezee na mimi.

Jana jioni nilikuwa naingia kutoka kazini. Taa ya ukumbini ilikuwa haijawashwa. Kutoka chumbani kwake, kwa sauti laini, akaniita.

"Kheiria, mwanangu. Umechoka. Njoo ukae na mimi."

Ni maneno niliyoyangoja tangu utotoni. Nilirudi nyuma taratibu bila kuitikia, nikatoka nje, nikaingia ndani ya gari, nikafunga milango yote.