Swichi ya Mlangoni

Kinyozi hajinyoi. Methali hii Fundi aliisikia nyumbani kwake kila wiki, na kila wiki alikuwa na jibu lile lile: kesho. Mashine ya kurekodi vipindi vya televisheni kwenye diski ilikuwa imekaa juu ya kabati la nguo mwaka wa pili sasa, ndani ya boksi lake, na mkewe alikwisha kuizoea hadi akawa anaweka mabegi juu yake. Mchana kutwa Fundi aliingia nyumba za watu, akapanda ngazi, akavuta nyaya darini, akafunga televisheni ukutani na kuwafundisha wazee kubonyeza rimoti. Jioni alirudi kwake na vumbi la dari za watu kichwani, na kitu cha mwisho alichotaka kukiona duniani kilikuwa waya.

Mkewe alikuwa karani wa shule ya msingi. Wanafunzi walimpachika jina la Bi Dakika, kwa sababu asubuhi alisimama getini na saa mkononi, na aliyechelewa dakika moja aliandikwa dakika moja. Jina likamganda, hata Fundi akawa anamwita hivyo siku ambazo wamepatana. Bi Dakika huyo alikuwa na tamthilia yake, Jumatatu hadi Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na hakuwahi kukosa hata siku moja. Fundi naye aliketi kando yake kwenye kochi, akavua viatu, na kabla muziki wa mwanzo haujaisha alikuwa ameshalala fofofo. Mkewe aliendelea kumsimulia kipindi hivyo hivyo. Akimpiga kiwiko, Fundi alijibu bila kufumbua macho: "Sijalala. Nasikiliza."

Jumatatu moja daktari akawaambia upasuaji utakuwa Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri. Uvimbe ule tumboni mwa Bi Dakika lazima utoke. Kama ni mbaya au si mbaya, watajua wakishafungua. Bi Dakika alimsikiliza hadi mwisho, akashukuru, akauliza swali moja tu.

"Saa kumi na mbili nitakuwa nimeamka?"

"Siwezi kukuahidi, mama. Pengine baadaye kidogo."

Walipofika kituo cha basi ndipo akamgeukia mumewe.

"Alhamisi ndiyo mwisho wa tamthilia yangu. Na wale wa televisheni hawarudii kipindi. Ile mashine uitoe juu ya kabati, Fundi. Nataka nikirudi nikute kitu kinaningoja."

Safari hii Fundi hakusema kesho. Neno "nikirudi" lilimfuata hadi nyumbani.

Jumatano jioni akalitelemsha boksi, akapangusa vumbi, akapiga magoti nyuma ya televisheni yake mwenyewe akiwa na tochi mdomoni. Magoti yalimuuma. Siku hiyo alikuwa amefunga televisheni tatu kwa watu wengine, na mgongo ulikuwa umekakamaa. Mkewe alivuta stuli akakaa karibu, kama mkaguzi.

"Nieleze unachofanya. Nisije nikaachwa gizani."

"Kebo inatoka ukutani, inaingia kwenye king'amuzi. Zamani king'amuzi kilikuwa kinapeleka picha moja kwa moja kwenye televisheni. Sasa tunaipitisha kwanza kwenye mashine ya kurekodi. Nyaya tatu hizi: wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Halafu mashine ndiyo inapeleka kwenye televisheni."

"Na mashine itajuaje chaneli yangu?"

"Haijui. Yenyewe ni mjinga tu, inarekodi chochote inachoonyeshwa na king'amuzi. Kwa hiyo king'amuzi tunakiwasha, tunakiacha kwenye chaneli yako, na hakuna mtu kukigusa. Televisheni ukitaka izime. Haina neno."

Kuirekebisha saa ya mashine peke yake kulimaliza robo saa, maana rimoti ilikuwa na vitufe hamsini na saba na kila kimoja kilikuwa na maoni yake. Televisheni ikagoma kuonyesha picha. Kumbe Fundi, mwenye miaka thelathini kazini, alikuwa amechomeka nyaya kwenye matundu ya kutolea badala ya matundu ya kuingizia. Mkewe aliona, akameza kicheko. Hatimaye wakamrekodi mtangazaji wa hali ya hewa kwa dakika moja, wakasimamisha, wakarudisha nyuma. Mtangazaji akatokea tena akisema yale yale, kwamba kesho kutakuwa na mawingu. Bi Dakika akapiga makofi. Fundi alikuwa ametegesha mashine za watu wengi, lakini makofi hayo hakuwahi kuyapata kwa mtu.

Akatia diski mpya, akaitegesha mashine ijiwashe yenyewe saa kumi na mbili kasoro dakika mbili na ijizime saa moja na dakika tano. Mkewe akachukua karatasi, akaandika kwa hati yake ya ofisini neno moja, USIGUSE, akaibandika juu ya king'amuzi.

"Humu ndani tuko wawili tu," Fundi akasema. "Wanetu wako kwao. Unamwandikia nani?"

"Nakujua."

Alhamisi mchana wakafunga mlango, wakaenda. Hospitalini Bi Dakika akavua pete na saa yake, akavifunga kwenye leso pamoja na funguo zake za nyumba, akamkabidhi mumewe. Nesi alikwisha kushika kitanda kukisukuma.

"Nikifumbua macho nataka nikuone wewe," akamwambia. "Sitaki kuona dari."

"Dari niachie mimi," Fundi akajibu. Mzaha wenyewe haukumchekesha yeyote, hata nesi.

Akakaa chumba cha kungojea, kwenye benchi la plastiki. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye kikapu, aliyekuwa akimngoja mjukuu wake, mlinzi mlangoni, na televisheni iliyofungwa juu ukutani, ikionyesha mpira kwa picha ya chenga. Usingizi ulimnyemelea Fundi kama kawaida yake, akaukataa. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na moja na nusu mhudumu wa usafi akaingia na mashine ya kusugulia sakafu, akatafuta soketi, akachomoa plagi ya televisheni akachomeka ya kwake.

Fundi akamwona, na moyoni akampongeza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, asijaze plagi mbili kwenye soketi moja. Halafu akautazama mkono wake wa kulia.

Swichi ya mlangoni. Mwaka wa pili wa kazi yake nyumba ya mteja mmoja iliungua kwa soketi iliyoachwa bila kuzimwa, na tangu siku hiyo Fundi hakutoka nyumba yoyote bila kuzima. Kwake alijiwekea swichi moja kando ya mlango, inayokata umeme wa sebule nzima kwa mkupuo. Mkono wake uliijua swichi hiyo kuliko yeye mwenyewe. Mazoea yana taabu: mchana ule alikuwa amebeba begi la mkewe kwa mkono wa kushoto, akimwambia aangalie ngazi, na mkono wa kulia ukapita ukutani ukafanya kazi yake. Sasa aliukumbuka mlio wenyewe. Tak. King'amuzi, mashine, diski mpya, karatasi na mwandiko mzuri wa mkewe, vyote vilikuwa vimelala gizani.

Alisimama. Nyumbani ni dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Funguo zote mbili zilikuwa mfukoni mwake, kwa hiyo hata jirani hangeweza kumsaidia. Akienda, angewahi sehemu ya kipindi, lakini nesi alishamwambia kwamba kuanzia saa kumi na mbili mkewe anaweza kuamka wakati wowote. Akatembea hadi mlangoni. Akarudi. Akajiona mzee na mpumbavu, mtu aliyeombwa mambo mawili tu katika juma zima na tayari ameharibu moja.

Akakaa, akashika tama. Kisha akainua macho, akaitazama ile televisheni iliyozimwa.

"Dada," akamwambia mhudumu, "soketi hii nitaomba ukimaliza."

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano alikuwa amerudisha plagi ya televisheni na kupanda juu ya benchi. Waya wa kebo ulikuwa umelegea nyuma. Akauchubua kwa meno, akaukaza kwa kucha. Picha ikatulia, safi kabisa. Mlinzi akafurahi kuuona mpira wake, na furaha hiyo ilidumu nusu dakika.

"Mzee, mbona unabadilisha? Mechi haijaisha!"

"Mke wangu yuko ndani anapasuliwa," Fundi akasema. "Hii ni tamthilia yake. Leo ndiyo mwisho, na mimi nimemharibia."

Mlinzi akamtazama usoni, kisha akatazama chenga za vumbi kwenye nywele zake. Akampa rimoti.

Muziki wa mwanzo ukapigwa, na Fundi akausikia hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Akatoa kitabu chake cha kazi, akachukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio. Tatizo ni kwamba hakumjua hata mtu mmoja. Alizijua sauti tu. Mwanamke aliyekuwa akilia alimtambua kwa kilio.

"Huyu ni nani, bibi?"

"Yule mwokaji mikate," akasema bibi wa kikapu, bila kuondoa macho. "Mumewe alisafiri miaka saba, kila mtu akamwambia ameshakufa, olewa. Yeye akakataa. Wewe umekuwa wapi?"

"Nilikuwepo," Fundi akasema. "Nilikuwa nimelala."

Akaandika. Mwokaji anafunga duka. Wifi anamwomba msamaha, uongo mtupu. Mwanasheria analeta barua, mwokaji haifungui, anaitia kwenye mfuko wa aproni. Macho yalimwasha, kichwa kilimdondoka mara mbili, mara mbili bibi akamfinya. Kadiri alivyoandika ndivyo aibu ilivyompanda. Haya yote mkewe alikuwa akimsimulia, jioni baada ya jioni, na yeye akikoroma. Miaka yote hiyo Bi Dakika alikuwa akitazama peke yake, na mume yupo.

Saa moja kasoro dakika kumi, mwokaji akasikia hodi. Akapangusa unga mikononi. Akaenda mlangoni, akashika kitasa.

"Jamaa wa mgonjwa wa kitanda cha tisa!" nesi akaita.

Fundi akasimama.

"Ngoja, baba!" Bibi akamshika shati. "Dakika kumi tu! Ndiyo mwisho wenyewe huu, anafungua mlango!"

Fundi alikwisha kufika nusu ya ukumbi.

Daktari alikuwa mlangoni mwa wodi, ametoa barakoa. Akasema uvimbe umetoka wote, na kwa macho yake hauonekani kuwa mbaya, ingawa majibu ya maabara yatachukua wiki. Fundi akaitikia kwa kichwa. Akapita.

Bi Dakika alikuwa mdogo kitandani, midomo imekauka. Fundi akainama hadi uso wake ukaziba dari yote. Mkewe akafumbua macho, akamwangalia kwa muda mrefu.

"Umerekodi?"

Fundi alikuwa ameandaa uongo mzuri njiani. Ukamponyoka.

"Nilizima swichi ya mlangoni."

Mkewe akafumba macho. Mabega yakaanza kutikisika, na Fundi akataka kumwita nesi, hadi alipoona ni kicheko.

"Usinichekeshe," akasema kwa tabu. "Mshono... Nilijua. Nilikwambia nakujua."

"Lakini nimeitazama hapa. Nimeandika." Akamwonyesha kitabu, kurasa sita, nyuma ya orodha za nyaya na misumari. Akaanza kusoma, taratibu, kidole kikifuata mstari, na mkewe akawa anamsahihisha: yule si wifi, ni binamu, barua ile ni ya pili, si ya kwanza. Akafika kwenye hodi, kwenye unga, kwenye kitasa. Akafunga kitabu.

"Halafu?"

"Halafu nesi akaniita."

"Hukuona aliyebisha?"

"Sikuona."

"Fundi!" Hasira yenyewe haikuwa na nguvu, lakini ilikuwa ya kwake, ya getini. "Miaka mitatu naingoja siku hii. Ungekaa zile dakika kumi. Kwani mimi ningekwenda wapi?"

Fundi akatazama mikono yake, kucha zimejaa weusi wa kebo.

"Hilo ndilo nililokuwa naliogopa tangu Jumatatu," akasema.

Mkono wa Bi Dakika wenye sindano ukatambaa juu ya shuka hadi ukaukuta wa mumewe, ukatulia hapo.

"Soma tena," akasema baadaye. "Toka mwanzo. Bila haraka."

Akasoma. Nje kulikuwa kumeshaingia kiza, na nesi alipita akapunguza taa. Ukurasa wa pili mkewe alifumba macho; wa tatu pumzi yake ikawa ndefu na nzito. Fundi akaendelea kidogo, sauti chini, kisha akanyamaza, akaanza kukifunga kitabu polepole asimwamshe.

"Sijalala," akasema Bi Dakika, bila kufumbua macho. "Nasikiliza."