Tembe Mweupe wa Mwanapili

Kifaranga wa mwisho alitoka kwenye yai akiwa mweupe. Wenzake walikuwa wamekwisha kukauka chini ya mama yao, weusi wenye doa la maziwa tumboni, doa ambalo Chirau hakulijali kwa sababu vifaranga weusi wa Opingtoni, kuku wa kizungu, huzaliwa nalo na kulipoteza manyoya yakiota. Huyu hakuwa na doa. Alikuwa mweupe kuanzia utosini hadi mkiani, na Chirau alimweka kiganjani, akamgeuza akitafuta unyoya mweusi.

Kazi yake aliijua. Tangu alipouziwa jogoo na mitetea na mzungu wa Diani aliyekuwa akifunga shamba, Msambweni nzima haikuwa na mtu aliyechagua kuku kwa ukali kama yeye. Aliwataka wakubwa, wapana wa kifua, weusi wa kaniki mpya. Aliyeota unyoya wa rangi nyingine aliingia chunguni kabla hajaanza kutaga. Majirani walimtania kwamba anaposa kuku kwa makini kuliko alivyoposa mke, naye alicheka pamoja nao. Siku hizo mke alikuwa hai.

Huyo mkewe, Mwanapili, alikuwa na kuku wake mmoja tu, mweupe, wa kienyeji. Alipopungwa pepo, mganga aliagiza awekewe kuku wa rangi hiyo: asiuzwe, asichinjwe, wala asilale nje ya ua wa mwenyewe. Pepo akitaka pa kutua, atue kwa kuku, amwache mtu. Chirau, mtu wa sala tano, hakuyaamini sana hayo, lakini hakuyabishia. Kilichomkera ni jogoo wake, ambaye hakujali ukoo wala rangi na alimpanda yule mweupe kama alivyowapanda wengine. Basi msimu mmoja, akitaka kusafisha damu kabla ya maonyesho ya kilimo, alimtia yule kuku katika tenga, akampeleka Jego kwa shemeji yake, Esha.

"Ni kwa muda tu," alimwambia mkewe. "Maonyesho yakipita nitamrudisha."

Mwanapili alimtazama, akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchicha. Hakuishi kuyaona hayo maonyesho.

Ilikuwa homa, na homa haikuanza kwake. Hakuna aliyemlaumu Chirau, na hilo ndilo lililomnyima raha, kwa maana lawama angeweza kuijibu. Badala yake alisikia mambo. Alasiri, ua ukiwa kimya na kuku wote wamejilaza vivulini, alisikia kuku akitetea chumbani mwa marehemu, kama aliyemaliza kutaga. Alifungua mlango. Palikuwa na kitanda cha kamba na mkeka uliokunjwa. Alifunga mlango, akarudi kwa kuku wake, akawashughulikia kwa bidii ya mtu anayekimbia nyumba yake mwenyewe.

Hata mdondo ulipopita na kuwaangusha kuku kwa makundi, shingo zimepinda, hakukata tamaa. Wachache walipona, jogoo mmoja mkubwa na mitetea kadhaa. Kutoka kwa hao alianza tena, akimshukuru Mola kwamba damu bora ilisalimika.

Na sasa huyu mweupe. Kila alipoinuka kumchinja alisema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine, hata kifaranga akawa tembe. Wakati huohuo habari zilikuja kwamba Jefwa, bwana mifugo, atakuja kuwakagua kuku wake. Wakiwa safi, jogoo mkubwa na mitetea wangechukuliwa wawe wazazi wa kuku watakaogawiwa wakulima wa pwani yote. Chirau hakuwahi kutamani jambo jingine zaidi ya hilo.

Siku moja kabla ya ukaguzi, Esha alifika kutoka Jego. Alimwona tembe chini ya tenga, akaketi chini bila kuvua buibui.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Esha. Mmeamkaje huko?"

"Alhamdulillahi. Huyu umemtoa wapi?"

"Amezaliwa hapa. Baba yake ni yule jogoo mkubwa."

Esha aliinua ukingo wa tenga, akamtazama vizuri. "Yule wa dada nilikuwekea. Nilikungoja uje umchukue."

"Nilikuwa nakuja."

"Najua, shemeji."

"Aliondoka na mdondo?"

"Mdondo ulimaliza kuku wa Jego wote, yeye ukamwacha. Alitoka asubuhi moja, akashika njia ya huku. Hatukumwona tena."

Chirau alimtazama jogoo wake akitembea juani, undu wake mwekundu, kifua kama pipa. Hofu ilimwingia, na nyuma ya hofu aibu. Wale aliowaokota baada ya mdondo akidhani ni damu ya Diani iliyosalimika, walikuwa uzao wa yule kuku aliyemfukuza nyumbani, waliozaliwa weusi lakini wamerithi ugumu wake. Kila aliyekuwa hai uani mwake alikuwa hai kwa sababu ya kuku wa Mwanapili.

Jefwa alifika asubuhi na mizani yake. Alimshika jogoo mbawani, akayapekua manyoya moja moja, akamkagua miguu, akatabasamu.

"Mzee Chirau, weusi kama huu sijauona. Na uzito huu! Wote ni damu moja?"

Ilitosha kusema ndiyo. Chirau alikwenda ukutani, akainua tenga. Tembe alitoka, akajikung'uta, akaanza kudonoa katikati ya ndugu zake weusi.

Jefwa alimweka jogoo chini polepole. "Huyu ni wa ukoo wao?"

"Ni ndugu yao, baba mmoja mama mmoja."

"Basi siwezi kuwachukua. Weupe umejificha ndani yao, utatokea kwa watu." Alikuwa kijana mwema na alisikitika kweli. "Ungemchinja nisingejua."

"Si wangu, nitamchinjaje?"

"Wa nani?"

"Wa mke wangu."

Jefwa aliutazama mlango uliofungwa wa chumba cha marehemu. "Basi mwite, nizungumze naye. Akikubali kumtoa, tutapanga namna ya kuanza upya."

Chirau alikuwa na jibu la kumpa, jibu fupi ambalo mji mzima ulilijua ila Jefwa. Lakini tangu mazishi hakuwa amelitamka jina la mkewe, na sasa lilikuwa limemjaa kinywani. Aligeukia mlango.

"Mwanapili," aliita, kwa sauti ya kumwita mtu aliye karibu. "Njoo, mama. Kuku wako amerudi."

Jefwa alivua kofia yake kwa heshima, akangoja. Chirau naye akangoja.