Vidole Vitano vya Baba

Chuoni kwetu Jumanne ilikuwa siku ya korekta, yaani kusahihishiwa michoro. Ukitaka kumjua mwanafunzi wa michoro ya vitabu Jumanne asubuhi, mtazame midomo tu: imekauka. Unatandaza kazi zako mezani, Profesa anakuja na bunda la karatasi nyepesi zinazoonyesha kilicho chini, anaweka moja juu ya mchoro wako, anatoa penseli yake nene, na anakuchorea upya kile ulichokisotea wiki nzima. Haombi ruhusa. Akimaliza anauliza, "Unaona?" Nawe unajibu, "Naona, Bwana Profesa."

Profesa wangu mimi aliitwa Halik. Watu wanaochorwa na wanafunzi wa Halik wote ni wembamba, shingo ndefu, vidole virefu kama vya mpiga piano. Ukiingia ukumbi wa maonyesho unajua nani kapita mikononi mwake bila hata kusoma jina. Kornelia, mwenzangu tuliyekuwa tukigawana meza, alizoea kunitania: "Roksana, angalia kola yako, shingo imeanza kuota." Nilikuwa nikicheka mpaka natoa machozi. Mjinga mimi.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kitabu cha picha kisicho na maneno, na kilimhusu baba na njiwa wake. Baba yangu Alojz alichimba makaa maisha yake yote, mpaka mapafu yakagoma. Sasa ana banda la njiwa nyuma ya nyumba zetu za matofali mekundu, nje kidogo ya Katowice, na kila mchana anatikisa kopo la mbaazi kavu na njiwa wanashuka kwa fujo. Mkono wake wa kulia hauna kidole cha kati wala cha pete. Viliondoka na mkanda wa kusafirishia makaa kule chini mgodini, kabla mimi sijazaliwa. Basi makinda ya njiwa yanaupenda mkono huo, acha tu! Baba anafumbata mbaazi, na kinda linapenyeza kichwa kwenye lile pengo la vidole kuzitafuta. Utotoni niliamini kabisa kwamba baba aliumbwa hivyo kwa sababu ya njiwa.

Kitabu changu chote kilisimama juu ya pengo hilo. Nyumbani hakuna picha hata moja inayoonyesha mkono ule. Mara uko mfukoni, mara nyuma ya mgongo wa mama. Nilitaka kitu kimoja tu: siku ya utetezi, nitakapoitetea kazi yangu mbele ya jopo, baba asimame mbele ya ukuta wenye michoro, mbele ya watu, ajione mzima na mkono wake ule, na aone kwamba ni kitu kizuri. Alijua namchora, ila alikataa kuchungulia. "Nitaona siku yenyewe," alikuwa akisema. "Usiniharibie."

Jumanne ya kwanza Halik aliinama mezani kwangu akakunja uso. "Huyu mtu mkono wake umefanya nini?"

"Hana vidole viwili, Bwana Profesa. Ni baba yangu. Vilikatika mgodini."

"Aha," akasema, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Karatasi ikashuka, penseli ikapita, na baba akapata vidole vitano, virefu, vya kupendeza. "Msomaji hamjui baba yako. Akiona vidole vitatu atasema mchoraji hajui kuhesabu. Unaona?"

"Lakini kinda linapitisha kichwa hapo kati—"

"Kinda lisimame juu ya kiganja. Inakuwa safi zaidi. Unaona?"

Sikusema naona. Wiki iliyofuata nikampelekea mkono wa vidole vitatu vilevile, tena mkubwa zaidi, umejaa ukurasa. Alikuwa ameshasahau kila kitu. "Tena mkono?" akapaza sauti, chumba kizima kikageuka. "Binti, maumbile ya mwili mlisoma mwaka wa kwanza!"

"Ni baba yangu, Bwana Profesa. Nilikuambia."

"Kila mtu ana baba." Watu wakacheka. Damu ilinipanda, nikafungua mdomo nimjibu, Kornelia akanipiga teke chini ya meza. Alinivuta hadi kwenye ngazi, na huko akanisema kweli kweli.

"Una wazimu? Bila sahihi yake huendi kwenye utetezi. Mpe vidole vyake viwili, uchukue shahada yako. Kisha nenda nyumbani ukamrudishie mzee mkono wake, nani atakuzuia?"

"Halafu baba aone nini ukutani?"

"Aone shahada! Kichwa ngumu wewe."

Nikampa Halik vidole viwili. Na Halik si mtu wa kushiba upesi. Baada ya vidole akataka mabega yashuke, tumbo liondoke, kofia iondoke. Majira ya kuchipua yalipofika, baba naye alikuwa na shingo. Sahihi nikapewa siku hiyohiyo, pamoja na tabasamu. "Sasa kinapumua," alisema. Nilikwenda chooni nikalia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi kupaka rangi.

Siku ya utetezi, mwezi wa Juni, baba alikuja na suti yake ya sherehe ya wachimba makaa: nyeusi, vifungo vya shaba vinameta, glavu nyeupe mikononi. Kofia ya manyoya, ile ya sherehe yenye shada la manyoya ya ndege, mama alimlazimisha aiache garini. "Unaenda chuoni, Alojz, huendi gwaride!" Mama mwenyewe alikuwa amebeba keki ya jibini, trei nzima, kwa sababu kwetu mtoto hatetei kazi bila jopo kuwekewa kitu mezani. Alikuwa na wasiwasi kama keki ndiyo itakayopewa alama.

Baba akaenda ukutani. Alipita picha moja moja, taratibu, anahema kwa shida yake. Alipofika kwenye ile ya mkono na kinda akasimama muda mrefu. Nilikuwa nyuma yake, sikuweza kuuona uso. Kisha akamgeukia mama akamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, "Huyu bwana ni nani?"

"Si wewe huyo!" mama akamjibu. "Tazama banda."

"Ee, banda ndilo," baba akakubali.

Mhakiki alitoka chuo kingine, mama mmoja mwenye nywele fupi na miwani mizito. Aliisifu rangi. Akasifu karatasi. Nikajua maneno yanakuja, nayo yakaja. "Tatizo langu ni moja. Huyu mtu nimeshamwona. Nimemwona kwenye kazi za wanafunzi wa Profesa Halik mwaka jana na mwaka juzi. Nauliza, mwanafunzi mwenyewe yuko wapi humu?"

Nilimtazama Halik. Nilidhani, nilivyo bwege, kwamba atanitetea. Akashusha pumzi, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Bibi Mhakiki, nimepiga kelele mwaka mzima. Kila Jumanne namwambia: tafuta mkono wako mwenyewe. Wengine wanaona raha zaidi kuiga."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Wakanipa tatu na nusu kati ya tano, alama ya kumwambia mtu asante kwa kuja. Tukapigiwa makofi, halafu wote wakaisogelea keki.

Baba akaona ni wakati wa heshima. Alivua glavu, kwa maana mtu hampi profesa mkono wenye glavu, akamwendea Halik akanyoosha ule wa kulia. "Asante kwa kumfundisha binti yangu."

Halik akaupokea, na nikaona pale pale uso wake ukibadilika. Akaushika mkono kwa mikono yake miwili. Akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa macho ya mtu aliyeokota dhahabu.

"Lo! Mkono gani huu!" Akanigeukia. "Roksana, mbona hukuniambia? Huu ndio uliopaswa kuuchora!"

"Nilikuambia," nikasema. "Mara mbili. Ukafuta."

Mama akanifinya kiunoni mpaka nikaruka, kisha akamsogezea Halik trei akitabasamu meno yote nje. "Bwana Profesa, ongeza kipande, tafadhali. Huyu hajala tangu asubuhi, njaa inamsemesha ovyo." Halik akaongeza kipande.

Njiani kurudi nyumbani mama ndiye aliyeendesha. Baba alikaa nyuma pamoja nami, kofia ya manyoya magotini, amechoka.

"Nakushukuru, binti," akasema.

"Kwa nini, baba? Nimepata tatu na nusu."

"Kwa kunifichia mkono. Nilikuwa na wasiwasi, kusema haki. Nilimwambia mama yako, huyu mtoto ataniweka pale mbele ya wasomi na kigutu changu. Kumbe umenifikiria." Akakohoa kidogo. "Na mimi naelewa. Si jambo la kuwaonyesha watu. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo."

Nikamwambia yote: korekta, penseli, kinda, vicheko, sahihi. Nilisema huku nalia kwa uchungu, mama akanitazama kwenye kioo. Nikamwambia kwamba mkono ule ndio kitabu, kwamba ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Tangu siku hiyo nimeshamweleza tena na tena, bandani, mezani, hospitalini. Hunisikiliza mpaka mwisho, mpole, hanikatizi hata kidogo, halafu ananipigapiga begani.

"Ndiyo, binti, ndiyo," anasema. Haamini hata neno moja.