Maji ya Ghuba Chupani

Chwa, chwa, chwa. Maji yaligonga kioo katika giza la bafuni. Migdalia alikuwa ameziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo, ili hata mwanga wa mshumaa wa sebuleni usipite. Aliitikisa tena ile chupa iliyokuwa ya zeituni, akaisogeza karibu na macho, akangoja. Kisha akaitikisa kwa nguvu, kama mtu anayemwamsha mwenzake aliyezama usingizini.

Giza tu.

"Hawajaamka?" aliuliza binti yake, Nahiara, kutoka nje ya mlango.

"Bado, mwanangu."

"Labda wamechoka."

Hiyo ilikuwa chupa ya saba. Tangu barabara ya ghuba ilipofunguliwa baada ya kimbunga, kila wiki Migdalia alikwenda huko alasiri moja kukata matawi ya mikoko yaliyoanguka juu ya njia ya kushushia kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya kukodisha wageni. Kabla ya kurudi mjini, alichota chupa moja ya maji. Kabla ya kimbunga maji hayo yaliwaka usiku. Ndani yake waliishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, maelfu katika kikombe kimoja, na kila walipoguswa walitoa mwanga wa buluu. Wageni walivuka bahari kuja kisiwani Vieques kwa ajili yao tu. Walipanda kayaki za Don Wiso, mwajiri wa Migdalia, usiku usio na mwezi, wasione hata mikono yao wenyewe, kisha wakaona makafi yakiwaka moto usiounguza.

Kwa miaka sita Migdalia alikuwa mwosha kayaki. Alisoma masomo ya jioni ya kuongoza wageni, Nahiara akilala juu ya madaftari yake, akapata cheti wiki mbili kabla ya kimbunga. Hakuwahi kuongoza hata mgeni mmoja.

Na kesho yake, Jumamosi, mtu wa Fajardo, ng'ambo ya bahari, angevuka na lori kuja kuzinunua kayaki zote.

"Migda, nakupa hadi Ijumaa," Don Wiso alikuwa amemwambia. "Ukinionyesha maji yanayowaka, nampigia yule bwana asije. Usiponionyesha, mimi na goti langu hili hatuna tena la kungojea."

Dada yake aliyeko Orlando alikwisha kuwatafutia chumba. Huko kazi ipo, alisema, na umeme haukatiki. Nahiara aliuliza kama Orlando kuna bahari. Migdalia alimjibu kwamba kuna maziwa ya maji baridi tu.

"Migdalia!" Mlango wa mbele ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Doña Provi, jirani wa ukuta kwa ukuta, na birika la kahawa mkononi. "Umejifungia chooni na mshumaa unaisha! Tumbo?"

"Si tumbo, Doña Provi. Maji."

"Hata tumbo huanza na maji. Toka, nikuone."

Migdalia alitoka na chupa yake, akaeleza kwa maneno machache, maana mengi yangemtoa machozi. Doña Provi aliipokea chupa, akafungua kifuniko, akanusa. Pua yake ikakunjamana.

"Hii uliioshea nini?"

"Klorini. Kama vyombo vyote. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

Kweli alikuwa amewafundisha. Tangu kimbunga, hapakuwa na kikombe mtaani kwao kisichopitia klorini. Manesi waligawa vichupa mlango kwa mlango, na sasa mikono ilifanya kazi hiyo yenyewe, kichwa kikiwa na mawazo mengine.

"Ukasuuza?"

"Haisuuzwi. Inaachwa ikauke, ndipo iue vi..."

Migdalia hakumaliza neno.

"Sema," alisema Doña Provi. "Iue nini? Wewe uliyewasomea hawa wadudu usiku na mchana, hadi mtoto akalala na kalamu mdomoni! Unawaua, halafu unawagongea mlango?"

Migdalia aliketi kwenye ukingo wa bafu. Miaka sita alisimama ufukweni akinusa mikono ya wageni, akiwarudisha waoge kwa sababu ya tone la dawa ya mbu, lisije likawaua viumbe wa majini. Alitaka kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko, ikabidi aliokote lile taulo la mlangoni ajifutie.

"Wiki saba nzima," Doña Provi alisema, sasa kwa sauti ya chini, akimmiminia kahawa. "Kwa nini hukwenda usiku ukajionea mwenyewe?"

"Mtoto ningemwacha na nani?"

"Mimi niko hapo. Hata ukipiga chafya nasikia."

Migdalia alikunywa kahawa. Ndani ya chupa, giza lilikuwa dogo. Aliweza kulimwaga kwenye sinki, kisha akapika chakula cha jioni. Giza la ghuba nzima angelimwaga wapi?

Akaweka kikombe chini. "Gari lako lina mafuta?"

"Lina mafuta, lina taa moja, na breki zinasikia zikiombwa vizuri."

"Na mimi nakuja," alisema Nahiara, viatu tayari miguuni.

Don Wiso walimkuta barazani na fulana ya ndani, mguu juu ya kiti.

"Saa hizi?"

"Bado ni Ijumaa, Don Wiso."

Alimtazama Migdalia, akamtazama mtoto, akatoa ufunguo wa mnyororo wa kayaki. "Chukueni ile ya njano. Nyekundu inavuja." Walipokwisha kugeuka akaongeza, "Na usinidanganye, Migda. Hata kwa kunihurumia."

Pale ufukweni Migdalia alimnawisha binti yake kwa maji ya mvua, akamnusa kuanzia vidole hadi viwiko, akamfunga jaketi la kuelea. Doña Provi alibaki kando ya gari akijipiga makofi mikononi na shingoni.

"Fanyeni upesi! Mbu hawa hawajaona mtu miezi mitano. Mtarudi mkute bangili zangu tu!"

Kayaki iliingia majini, Nahiara mbele, mama yake nyuma. Mwezi haukuwapo. Kafi lilizama jeusi, likatoka jeusi. Harufu ya tope la kimbunga ilikuwa bado nzito kando ya mikoko. Migdalia alipiga kafi mara kumi, mara ishirini, bila kutazama maji. Alitazama nywele za binti yake, ambazo nazo hakuziona.

"Sema yale maneno ya wageni," alisema Nahiara.

"Mgeni ni wewe peke yako."

"Basi niambie mimi."

Migdalia alisafisha koo. "Karibu. Hapa hatuogelei, maana tumeingia nyumbani kwa wenyewe. Taa hatuwashi. Na tukinyamaza..."

Yaliyofuata yalimpotea. Daftarini palikuwa na kurasa mbili baada ya hapo. Akalilaza kafi mapajani, akanyoosha mkono akashika mkanda wa jaketi la mtoto, aliyekuwa ameinama kutazama upande. Kayaki iliendelea kuteleza yenyewe, ikapita mahali harufu ya tope ilipokoma. Sauti ya Doña Provi haikusikika tena. Upepo ulitulia.

Upande wa mikoko kukatokea mstari. Ulikuwa mwembamba, wa buluu iliyofifia, kama wa mtu anayechora kwa chaki bila haraka. Migdalia alifumba macho kwa nguvu, akayafumbua. Mstari ulikuwapo. Ulipinda taratibu, ukaelekea kwao, ukapanuka ukawa na mabawa mawili mapana, kama ya taa, yule samaki bapa, na kila bawa liliposhuka maji yaliwaka nyuma yake.

Hakuthubutu kumuuliza mtoto kama naye anauona.

"Mama," alisema Nahiara, "kuna kitu kinachowaka kinapita chini yetu."