Moshi wa Kuwaridhisha Majirani

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Léandre Pelletier alitengeneza moshi. Hakuwa na haja kubwa na moto. Alichotaka yeye ni moshi. Alichana boksi kuukuu, akapanga juu yake vipande viwili vya ubao alioubandua ghalani, kisha akatupia konzi ya majani makavu aliyoyalowesha maji. Moshi ukapanda mweupe, mzito, ukasimama juu ya paa kwa heshima zote. Punde si punde jiko la chuma lilikuwa limeshapoa, na maji ya beseni yamerudia utando wake wa barafu.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakusema moto wa kiasi gani.

Kwenye barabara yetu ya Bondeni, huku juu kabisa jimboni Maine, Marekani, ambako mto ukishaganda mtu huvuka kwa miguu kwenda kunywa kahawa kwa shemeji upande wa Kanada, watu hulindana kwa dohani za moshi paani. Mtu akimimina kahawa yake ya asubuhi huchungulia dirishani: kwa Cyr panafuka, kwa Daigle panafuka, haya, maisha yaendelee. Pasipofuka, mtu anavaa buti na kwenda kugonga. Desturi hiyo ilianza pale bibi Philomène alipokutwa amekauka kitini, majirani wakidhani yuko kwa binti yake. Hakuna aliyewahi kuichezea, hadi alipotokea Léandre.

Kisa chenyewe kilianza vuli, alipoteleza kutoka juu ya rundo la magogo na kuvunja nyonga. Mwanamume wa Bondeni asiyekuwa na kuni bandani ifikapo Novemba hana uso wa kutokea kanisani. Jirani yake Reno Cyr, ambaye Léandre alimlea kama mpwa, alimuuliza wazi wazi, "Mjomba, kuni unazo?"

"Zimejaa mpaka mlangoni," Léandre akajibu, na bandani hamkuwa na kitu ila koleo.

Laiti angesema hana! Reno angeleta tela zima jioni ileile, na hata kahawa asingekubali. Lakini sisi ndivyo tulivyo, na inanitia hasira kila nikiwaza: kuni yangu ya mwisho nitakupa, yako sitaiomba hata nikifa.

Na chini ya kiburi kulikuwa na hofu. Mkewe, Rosilda, akili yake ilikuwa imeanza kutangatanga. Kiangazi kilichotangulia mtoto wao Gérald alikuja kutoka Connecticut, akatazama nyumba juu mpaka chini, akasema, "Baba, nikisikia mmelala na baridi hata mara moja, Mama nampeleka nyumba ya wazee. Sitaomba ruhusa." Rosilda, siku hiyo akili ikiwa nyumbani, alimshika mumewe mkono akamwambia, "Usikubali nikafie kwa watu wasionijua." Léandre akaapa. Dawa za Rosilda zikala pensheni, tangi la mafuta ya kupashia nyumba likakauka kabla ya Krismasi, simu ikakatwa, bunduki ya kuwindia ikauzwa. Kilichobaki kuwaka kilikuwa ghala, ubao mmoja mmoja.

Wakahamia jikoni, kitanda na kila kitu. Vyumba vingine vilifungwa, mablanketi yakapigiliwa misumari milangoni, madirisha yakavikwa nailoni. Nje, Léandre alijikokota na nyonga yake akarundika theluji kuizunguka nyumba hadi usawa wa madirisha, maana theluji nayo ni blanketi ukijua kuitandika. Bomba la maji liliachwa lidondoke tone tone lisipasuke. Walikula maharage na ploye, chapati zetu za unga mweusi, zilizopikwa katika dakika zile chache za moshi. Walilala na makoti, kofia na soksi tatu tatu.

"Wee mzee," Rosilda alikuwa akiuliza kutoka ndani ya mablanketi, "nani kaacha mlango wazi?"

"Mlango umefungwa, bibie. Ni Januari hiyo."

"Basi mwambie Januari atoke, afunge na mlango."

Léandre alicheka mpaka nyonga ikamuuma. Rosilda akamkazia macho. "Pua imekuwa nyekundu. Umekunywa?"

"Ningepata wapi?"

"Ukipata usininyime. Mchoyo wewe tangu ujana."

Kwa ajili ya maneno kama hayo angebandua ghala lote kwa meno.

Kisha ikaja ile baridi ambayo misumari hulia ukutani. Léandre aliamka kukiwa kumekucha, akaona kimya. Rosilda hakuuliza habari za mlango. Wala hakuwa akitetemeka. Alikuwa amevua kofia na glavu, na vidole vyake vilikuwa vikihangaika na vifungo vya koti.

"Joto," alinong'ona. "Nivue, nasikia joto."

Moyo ulimpasuka Léandre. Alifanya kazi kambi za magogo tangu ana miaka kumi na sita, na alijua mtu anayesikia joto kwenye baridi ile amefika mlangoni pa kifo. Alimfunika upya, akamvika na kofia yake mwenyewe, akatoka mbio zile za kuchechemea hadi kwenye pikapu. Akageuza ufunguo, kimya. Betri imekufa. Akasimama barazani akaita, "Reno! Reno!" Upepo ukamrudishia jina mdomoni. Akajaribu kwenda kwa miguu, na kabla ya kufika barabarani theluji ikamshika kiunoni na nyonga ikamwangusha. Akalala pale akihema, akafikiri juu ya mkewe akijivua koti peke yake ndani. Akarudi kwa kutambaa.

Aliponyanyuka jikoni hakufikiri tena. Alichukua kiti akakipiga ukutani kikawa vipande, akawasha. Safari hii hakulowesha kitu. Mti mkavu ukashika, jiko likaanza kunguruma, na joto la kweli, alilolisahau, likamgusa usoni. Akamwambia mkewe, "Sasa hivi, bibie, sasa hivi." Aligeuka kutafuta kiti cha pili, macho yakapita dirishani, ng'ambo ya shamba, kwenye nyumba ya Reno.

Hapo ndipo akili ilipomrudia, na afadhali isingerudi. Moshi ulikuwa umeshaanza kupanda. Reno alikuwa akimimina kahawa. Angetazama, angesema mjomba yuko salama, na angeondoka kwenda kuvua samaki kwenye barafu hadi jioni. Viti vilivyobaki vitatu, na mbao kiasi cha kukumbatia, hazingefika adhuhuri. Jiko likiwaka, Reno haji. Likizimwa, huenda akaja, na huenda Rosilda asimngoje.

"Mungu wangu," akasema, "nifanyeje?"

Akachukua koleo. Alichota moto ule, makaa na vipande vinavyowaka, akautia kwenye ndoo ya majivu, akaubeba huku akilia kwa sauti kama mtoto, akaumwaga nje kwenye theluji. Ukachemka kidogo, ukanyamaza. Akafungua makoti yote, lake na la mkewe, akajiingiza kitandani, akamkumbatia kifua kwa kifua. Mwili wa Rosilda ulikuwa baridi kama kuta. Kila alipotaka kufumba macho alimtikisa, akamwambia majina ya ng'ombe wao wa zamani, ya dada zake, ya padri aliyewafungisha ndoa. Alijichukia kwa kila konzi ya majani aliyowahi kuilowesha.

Mwishowe akasikia pikipiki ya theluji, kisha buti barazani.

"Mjomba! Leo umelala fofofo, au shangazi kakunyima njiti?" Reno aliingia akicheka. Kicheko kikamfia alipoona pumzi yake mwenyewe ikitoa mvuke jikoni. Akatazama jiko, misumari, kiti kilichovunjwa. "Mjomba... mbona kila siku naona moshi?"

"Mbebe," Léandre alisema. "Uliza baadaye. Mbebe."

Reno alimzungushia Rosilda mablanketi yote, akambeba kama mtoto. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. "Twende kwangu, mke wangu atawasha gari. Hospitali watamwahi, bado anapumua vizuri. Lakini kwa nini hukusema? Kwa nini, mjomba?"

"Ukifika, mpigie Gérald."

"Nimwambie nini?"

Léandre aliivuta kofia ya mkewe ifunike masikio. "Mwambie aje amchukue mama yake."

Walipomweka kwenye sleji ya kuburutwa nyuma ya pikipiki, Léandre akakaa naye, kichwa chake mapajani. Jua lilikuwa kali juu ya theluji. Rosilda akafumbua macho, akatazama paa la nyumba yao likirudi nyuma, asilitambue.

"Mzee," akauliza, "tunakwenda nyumbani?"

Majira yote yale ya baridi Léandre alikuwa amewadanganya watu wote, isipokuwa Rosilda.

"Ndiyo, bibie," akasema. "Tunakwenda nyumbani."